Kurudisha Sauti na Picha ya Asili ya Filamu ya Kutisha Kutoka Kanda ya VHS

Nilikulia Busia, upande wa Uganda, karibu na mahali malori yanapolala yakisubiri kuvuka. Kibanda chetu cha video kilikuwa cha mabati, na VJ aliketi pembeni ya televisheni akiwa na maikrofoni, akitafsiri kwa Kiganda na kuchanganya Kiswahili kwa ajili yetu watu wa mpakani. Hapo ndipo nilipoiona Night of the Living Dead, ile filamu ya wafu waliofufuka ambayo George Romero aliitengeneza Pennsylvania mwaka 1968. Niliitazama mara nyingi mno. Lakini siku niliyoisikia bila mtu kuongea juu yake nilikuwa mtu mzima, na ndipo nilipogundua kwamba ndani ya ile nyumba ya shambani walimojificha mna ukimya mzito, unaokatwa na nyundo pale Ben, mhusika mkuu, anapopigilia mbao madirishani. Ukimya ule ndio unaotisha, na miaka yote ile sikuwa nimeusikia.

Tangu hapo nimekuwa nikirudisha filamu za namna hii katika hali yake ya kwanza, moja baada ya nyingine, kwenye chumba nilichopanga Kisenyi, Kampala. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kanda za zamani, kompyuta ya kawaida na subira. Lengo si kuifanya filamu ionekane ya leo. Lengo ni isikike na ionekane kama walivyoiacha walioitengeneza, na sauti ya VJ wetu nayo isipotee.

Kwanza, jua una toleo gani

Usiguse kompyuta kabla ya kujua kilichomo kwenye kanda yako. Filamu moja inaweza kuwa na sura tano. Night of the Living Dead ina matoleo yaliyotiwa rangi ilhali yenyewe ni nyeusi na nyeupe, na lipo toleo la 1999 la kuadhimisha miaka 30 lililoongezwa matukio mapya na muziki mpya. Ukilichukua hilo ukadhani ndilo la asili, kazi yako yote itakuwa bure. The Evil Dead ya 1981 ilipigwa kwa filamu ya milimita 16 na sauti yake ilikuwa ya njia moja, yaani mono. Baadaye zikaja diski zenye mchanganyiko mpya wa spika sita. Mtu aliyezoea hizo anaweza kuisikia mono akadhani ni mbovu, kumbe ndiyo iliyosikika kwenye majumba ya sinema.

Kwa hiyo tafuta urefu wa filamu kwa dakika, umbo la picha yake, yaani upana kwa urefu, na idadi ya njia za sauti filamu ilipotoka mara ya kwanza. Viandike kwenye daftari. Daftari hilo litafuatana na filamu hadi mwisho.

Kwa mazoezi nashauri uanze na hiyohiyo ya Romero. Wasambazaji walipobadilisha jina lake kutoka Night of the Flesh Eaters, tangazo la hakimiliki liliondoka pamoja na jina la zamani, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Kwa filamu nyingine, kumbuka Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006. Nunua diski halali, fanya kazi yako kwa ajili ya kuhifadhi na kutazama nyumbani, na usiiuze wala kuitoza kiingilio. Mimi sifanyi kazi na mtu anayeanza kwa kuniuliza tutauza shilingi ngapi.

Kanda isiingie kwenye deki kabla hujaikagua

Mzee aliyekuwa na kibanda chetu aliponipa sanduku lake la kanda, nilitaka kuweka ya kwanza kwenye deki palepale. Akanishika mkono. “Mwanangu, itazame kwanza kwenye mwanga.” Alikuwa sahihi. Fungua kile kifuniko cha mbele, elekeza tochi kwenye kidirisha, angalia kingo za utepe. Ukiona vumbi jeupe au madoa kama unga, hiyo ni kuvu. Huku kwetu, hasa nyumba za karibu na Ziwa Nyanza na wakati wa mvua ndefu, kuvu hushika kanda upesi. Ukiicheza kanda hiyo, kuvu itaingia kwenye vichwa vya deki na kuambukiza kila kanda itakayofuata. Itenge kwenye mfuko wake, na uvae barakoa unapoishughulikia. Ikauke kwanza kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na simu, kisha mpelekee fundi anayeweza kuifungua na kuifuta utepe polepole.

Kanda iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho, kisha irudishe nyuma hadi mwanzo, mara moja, bila kuicheza. Utepe uliokaa miaka 20 umejibana mahali pamoja. Safari hiyo huulegeza ukajipanga sawasawa.

Vichwa vya deki safisha kwa spiriti kali isiyo na maji mengi na kipande cha ngozi laini, ukikishikilia pale huku ukizungusha kwa kidole ile ngoma inayobeba vichwa. Usisugue juu na chini, na usitumie pamba ya masikioni, kwa sababu nyuzi zake hunasa kichwani na kukivunja.

Kunasa

Kunasa ni kuingiza picha na sauti ya kanda kwenye kompyuta. Deki nzuri ni ile yenye tundu la waya wa picha liitwalo S-Video, na mafundi wa televisheni mjini bado wanazo rafuni. Kanda zetu nyingi ni za mfumo wa televisheni uitwao PAL. Ikiwa yako ililetwa na ndugu kutoka Marekani itakuwa ya NTSC, na utahitaji deki inayosoma mifumo yote miwili. Picha ya VHS hutetemeka kwa sababu mistari yake haianzi mahali pamoja. Kifaa cha kuisahihisha ni ghali, lakini baadhi ya mashine za zamani za kurekodi DVD zina kazi hiyo ndani yake. Pitisha waya kutoka kwenye deki, uingie kwenye mashine hiyo, utoke kwenda kwenye kompyuta. Si lazima irekodi chochote, inatosha iwe imewashwa.

Nasa kwa programu ya VirtualDub, kwa ukubwa wa nukta 720 kwa 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, ukitumia mbano usiopoteza kitu kama HuffYUV. Sauti iwe sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Saa moja itakula kati ya gigabaiti 30 na 40, kwa hiyo tenga diski ya nje. Najua inauma kuona nafasi ikiisha, lakini ukinasa moja kwa moja kwa MP4 umeshatupa kile ulichokuja kukitafuta. Kwenye kanda kila fremu imegawanywa vipande viwili vyenye mistari inayopishana; mistari hiyo iache kama ilivyo, itashughulikiwa baadaye.

Kompyuta mpakato ina betri, ila deki haina. Mwaka jana umeme ulikatika nikiwa dakika ya 70, na uliporudi deki ikawa imeutafuna utepe. Sehemu ile ya filamu sikuipata tena. Sasa deki yangu haiwashwi bila kuunganishwa kwenye betri ya akiba, hata kwa dakika mbili.

Nasa kila kanda mara tatu. Chenga zinazotokana na deki huangukia mahali tofauti kila mara, na ukiwa na nakala tatu zilizooanishwa, programu ya AviSynth inaweza kuchukua thamani ya katikati ya kila nukta. Chenga nyingi huondoka bila kuigusa picha yenyewe. Njia hii nimeiona ikisaidia kuliko kichujio chochote.

Sauti: hapa ndipo kazi ilipo

Toa sauti ukaifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kabla ya kubonyeza chochote, isikilize filamu yote kwa hedifoni, usiku, mtaa ukiwa umetulia. Andika kila kasoro na dakika yake.

Ikiwa filamu ni ya mono na kanda imetoa njia mbili, usizijumlishe haraka. Njia ya kushoto na ya kulia zinaweza kupishana kidogo sana, na ukizijumlisha zinafutana, herufi kama s na f zikafifia. Sikiliza kila moja peke yake, chagua iliyo safi, nyingine iache.

Kisha tafuta mvumo wa umeme. Badilisha mwonekano uwe wa masafa (spectrogram), uone mistari iliyonyooka chini ya mawimbi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo ulioingia hapa kwetu, kutoka kwenye deki au waya mbovu, utakuwa 50, 100 na 150. Marekani wao ni hezi 60. Sasa ukiona mstari kwenye 62.5, simama hapo, maana umepata ushahidi. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na ili iingie kwenye PAL huchezwa kwa 25. Kila kitu kinakwenda mbio kwa zaidi ya asilimia 4, na ule mvumo wa 60 ulionaswa Marekani unapanda hadi 62.5. Mstari huo unakuambia kwamba sauti yako imeharakishwa, na kwa kiasi gani hasa.

Wengi hawajui kwamba filamu nyingi walizozitazama utotoni zilikuwa mbio namna hii. Filamu ya dakika 96 inaisha kwa dakika 92 na sekunde 10 hivi, na sauti za watu zinapanda juu kidogo, takriban robo tatu ya hatua moja ndogo ya kinanda. Kwa filamu ya kutisha hilo ni dhara kubwa. Hatua za mzimu zinakuwa nyepesi, na sauti nzito ya muuaji inakuwa ya kijana.

Utaratibu ni huu, na usiupindue. Ondoa mvumo wa 50, 100 na 150 kwanza, kwa vichujio vyembamba. Baada ya hapo ndipo upunguze kasi. Ukianza na kasi, mvumo wetu utashuka hadi 48, ule wa Marekani utarudi 60, na utahangaika kujua upi ni uchafu wa deki yako na upi ulikuwamo kwenye filamu tangu mwanzo. Ule wa Marekani mimi huuacha, isipokuwa ukiwa unafunika maneno.

Kupunguza kasi, tumia ile amri inayobadilisha kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Ikiwa picha utakayoitumia ni ya fremu 24 kamili, zidisha kwa 0.96. Diski nyingi za Blu-ray ni fremu 23.976, na hapo kizidishi ni 0.95904. Tofauti hiyo inaonekana kama si kitu, lakini kwenye filamu ya dakika 96 ni karibu sekunde 6. Mtu atafunga mlango na mlio usikike akiwa ameshakaa.

Ule mlio wa “sss” wa kanda unapunguzwa, hauondolewi. Chagua sekunde mbili zisizo na mtu anayeongea, zitumie kama sampuli ya kelele, kisha punguza desibeli 4 hadi 6. Ukifika 12, sauti za watu zitakuwa kama zinatoka ndani ya mtungi wa maji. Sauti ya mono iliyochapwa kwenye filamu za zamani haikuwa na mengi zaidi ya hezi 8,000 hivi, kwa hiyo usijaribu kuongeza ukali wa juu ukidhani unaifufua. Utaongeza uchafu tu.

Mipasuko midogo irekebishe kwa mkono, mmoja mmoja. Amri ya ukarabati ya Audacity inashughulikia sampuli 128 kwa mara moja, yaani chini ya milisekunde 3. Filamu moja imewahi kunichukua jioni 11. Usitumie kichujio cha kuondoa mipasuko filamu nzima, kwa maana hakijui tofauti kati ya mkwaruzo wa filamu na kijiti kinachovunjika gizani, na hicho kijiti ndicho mtayarishaji alichokuwekea.

Kuoanisha na picha

Kama ipo diski nzuri, chukua picha kutoka huko. Filamu ya Romero ilirejeshwa na jumba la sanaa la MoMA la New York pamoja na The Film Foundation kutoka kwenye negativu yenyewe, ile filamu iliyopita ndani ya kamera, na hakuna kanda inayoweza kushindana na hilo. Kanda yako inabaki kuwa shahidi wa sauti, na wa kile watu wetu walichokiona. Kwa filamu ambayo haijawahi kupata diski ya maana, kanda ndiyo yote uliyo nayo.

Tafuta tukio lenye mlio mkali na mwendo unaoonekana. Nyundo za Ben zinafaa sana, maana unaona nyundo ikigusa mbao. Weka alama tatu: karibu na mwanzo, katikati na karibu na mwisho. Pengo likikua taratibu kutoka alama ya kwanza hadi ya tatu, kosa lako ni la kasi. Rudi kwenye kizidishi. Pengo likiruka ghafla mahali pamoja, hapo pamekatwa fremu. Pengine ni mkasi wa mkaguzi wa filamu, pengine ni maungio ya riili, kwa sababu filamu ya milimita 35 ilisafiri katika riili za dakika 20 hivi na mwisho wa kila riili ndipo palipochakaa zaidi. Fremu moja kwenye kasi ya 24 ni karibu milisekunde 42. Kata au ongeza hapohapo palipokosekana, ukijaza kwa hewa ya chumba, yaani sauti ya mahali penyewe bila mtu kuongea, kutoka tukio lilelile. Usinyooshe sauti yote ili kuficha tundu moja.

Picha yenye kanda peke yake

Hapa nitakwenda haraka, kwani kosa kubwa ni kufanya mengi. Kwenye PAL, filamu mara nyingi ina fremu kamili zilizogawanywa vipande viwili tu. Unganisha vipande vilingane, usitumie kichujio kinachobuni fremu mpya. Kata kingo nyeusi na ule mstari uliovurugika chini, lakini umbo la picha liache kama ulivyoliandika daftarini.

Chembechembe ni sehemu ya picha. The Texas Chain Saw Massacre ya 1974 ilipigwa kwa milimita 16, na ule mchanga unaocheza juu ya kila kitu ndio unaokufanya uhisi joto na jasho. Programu za akili mnemba zinazokuza picha huufuta mchanga huo na kuwapa watu nyuso za nta. Nimejaribu, nikafuta kazi ya wiki mbili, na sijutii kuifuta.

Rangi nayo isiwe ya kubahatisha. Mfano ninaowapa vijana wanaokuja kujifunza kwangu ni Nosferatu ya 1922. Matukio yake ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa buluu ili mtazamaji ajue ni usiku. Mahakama iliamuru nakala zote ziteketezwe baada ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, kushtaki kwamba riwaya ya mumewe imetumiwa bila ruhusa, na nyingi zilizosambaa baadaye hazikuwa na rangi hizo. Ndiyo maana vizazi vya watu vimemwona mnyonya damu akitembea juani. Mtu aliyeondoa buluu akidhani anasafisha angekuwa ameuondoa usiku wote.

Sauti ya VJ

Nilipoanza kazi hii nilimchukia yule VJ wa utotoni mwangu, nikidhani ndiye aliyeninyima ukimya. Nimebadilika. Bila yeye nisingeelewa neno, na kanda hizi zisingekuwapo. Filamu ya Wakaliga, mtaa wa Kampala, iliyotoka 2010, Who Killed Captain Alex?, si ya kutisha, ni ya mapigano, lakini ina funzo kwa sisi sote: nakala yake kuu ilipotea, na dunia inaijua kupitia DVD yenye sauti ya VJ Emmie. Huko, sauti ya VJ imekuwa filamu yenyewe.

Kwa hiyo kanda yenye VJ isafishe kwa uangalifu uleule. Usijaribu kumtenganisha na filamu. Programu za kutenga sauti ya binadamu huchukua kila sauti ya mtu, za waigizaji na yake pamoja, na kinachobaki kina matundu. Mwache na filamu iliyo chini yake, mwoanishe na picha kwa alama zilezile tatu, halafu muweke kama njia ya pili ya sauti. Ukitambua ni nani, mtafute. Wengi bado wapo, na mwulize kama anakubali kazi yake ihifadhiwe, na jina lake liandikwe vipi. Ukimpata, mwulize pia kanda nyingine ziko wapi.

VJ akisimama kuvuta pumzi, mara nyingi sauti ya filamu chini yake inasikika wazi kwa sekunde kadhaa. Vipande hivyo vimewahi kunijazia tundu pale ambapo kanda isiyo na VJ ilikuwa imekatika.

Kufunga kazi

Unganisha vyote katika faili moja kwa programu ya MKVToolNix: picha, sauti ya asili ikiwa njia ya kwanza katika FLAC (mbano wa sauti usiopoteza kitu), ya VJ ikiwa ya pili, na manukuu ya Kiswahili ukiyaandika. Ndani ya folda weka lile daftari likiwa faili la maandishi, likieleza kila ulichokata, ulichojaza na ulikokitoa. Tengeneza nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja nyumbani kwa mtu unayemwamini, mji mwingine ikiwezekana. Yangu iko Arua kwa shangazi. Hifadhi pia faili ghafi la kunasa, maana miaka kumi ijayo mtu atakuwa na vifaa bora kuliko vyako.

Na kanda yenyewe usiitupe. Irudishe nyuma hadi mwanzo, vunja kile kijino cha mgongoni isiweze kurekodiwa tena juu yake, isimamishe wima kwenye kopo kavu mbali na spika, na andika kwa kalamu isiyofutika: jina la filamu, jina la VJ, kibanda ilikotoka, na tarehe uliyoinasa.